Ubongo: umbo lake, kazi zake na yanayouingilia kutoka nje

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4. Ukiwa mbichi ni laini mno, hulegea mkononi kama nyama ya dafu changa, na ndiyo sababu umefungiwa ndani ya mfupa. Ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote zinazotokana na chakula, hata mwenyewe akiwa usingizini. Tena hauna ghala. Misuli na ini huweka akiba. Ubongo hutegemea sukari na oksijeni vinavyoletwa na damu sekunde kwa sekunde, na damu ikikatika kwa sekunde kumi hivi mtu huzimia. Ulegevu huo na ukosefu huo wa akiba ndio unaoeleza mengi ya yale ambayo watu wa Chumbageni, Muheza au Pangani, mkoani Tanga, huyaita degedege, kiharusi na kifafa. Mara nyingi katika pwani hii ubongo hauugui kwa kuanza wenyewe. Huanza mbu, presha, homa au ajali ya barabarani, kisha ubongo ndio unaolipa.

Fuvu la mtu mzima ni sanduku lisilotanuka. Ndani yake mna vitu vitatu: ubongo, damu, na maji maangavu yanayouzunguka ubongo na kujaza vyumba vyake vya ndani. Maji hayo ni kama mililita 150 kwa wakati mmoja, lakini mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku, kwa hiyo hubadilishwa zaidi ya mara tatu kwa siku. Kimoja kati ya vitu hivyo vitatu kikiongezeka, lazima kingine kipungue. La sivyo presha ya ndani hupanda. Kati ya fuvu na ubongo zimo tando tatu: ya nje ngumu kama ngozi iliyotiwa dawa, ya kati nyepesi kama utando wa buibui, na ya ndani iliyoshikamana na ubongo wenyewe. Tando hizo huteremka mpaka mgongoni, na zikiingiliwa na vijidudu ndipo hutokea ule ugonjwa unaoitwa homa ya uti wa mgongo. Jina hilo linapotosha kidogo, kwa kuwa hatari yake kubwa iko kichwani. Mgongoni ndiko daktari anakochoma sindano kuteka maji ya kupima. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Kichwa kinachouma, hata kile cha kipandauso, huuma kwenye tando, mishipa na misuli.

Kwa mtoto mchanga hali ni tofauti, kwa sababu mifupa ya fuvu haijaungana. Kila mama anaujua utosi unaodunda chini ya kiganja. Kwa kawaida huwa umefunga mtoto anapokaribia miaka miwili. Maji ya ubongo yakikosa njia ya kutokea kabla ya hapo, mifupa huachana na kichwa hukua kupita kiasi. Huko nyuma familia nyingi zilificha watoto wenye vichwa vikubwa kama mkosi. Katika hospitali ya CURE ya Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf aligundua mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba zaidi ya nusu ya watoto hao walipata tatizo baada ya maambukizi ya miezi ya mwanzo, akaendeleza upasuaji unaofungua njia ya maji ndani ya ubongo bila kumwachia mtoto mpira wa kudumu. Nchini Tanzania upasuaji wa vichwa vikubwa na mgongo wazi hufanywa na taasisi kama ile ya mifupa, MOI, iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam. Mgongo wazi, kwa upande wake, hupungua sana pale mwanamke anapokuwa na foliki asidi ya kutosha kabla hata hajajua kuwa ni mjamzito, kwa kuwa mfereji wa neva wa kijusi hufunga ndani ya wiki nne za mwanzo.

Tofali la ubongo ni seli iitwayo nyuroni. Hesabu inayokubalika leo, iliyotolewa na watafiti wa Brazili mwaka 2009, ni nyuroni bilioni 86. Kila moja ina matawi ya kupokea na mkia wa kupeleka. Ndani ya seli ujumbe husafiri kwa umeme, na katika neva zenye mwendo mkubwa hupita mita 100 kwa sekunde. Kati ya seli na seli kuna upenyo, na hapo ujumbe huvushwa kwa kemikali. Karibu dawa zote zinazogusa akili, pamoja na kahawa, mirungi na heroini, hufanya kazi yake kwenye upenyo huo au kandokando yake.

Kwa macho, ubongo una sehemu tatu kubwa: ubongo mkuu uliokunjamana, ubongo mdogo uliojibanza chini ya kisogo, na shina linalouunganisha na uti wa mgongo. Ubongo mkuu umegawanyika pande mbili, kulia na kushoto, na umefunikwa na gamba la kijivu lenye unene wa milimita 2 hadi 4. Mikunjo ni ujanja wa nafasi: gamba hilo likinyooshwa hulingana na taulo la mkono. Kazi zake zimepangwa kimahali, na namna rahisi ya kuona mpango huo ni kumfuata mwendesha baiskeli.

Tanga ni mji wa baiskeli. Mtu anatoka Chumbageni anaelekea Ngamiani, na bajaji inachomoza ghafla kutoka uchochoroni. Mwanga umeingia machoni, lakini kuona hakufanyiki machoni: ujumbe hupelekwa mpaka nyuma kabisa, kwenye gamba la kisogoni, ndiko umbo la bajaji linakojengwa. Kutoka hapo habari huenda njia mbili. Moja hupita kandokando, karibu na masikio, na kutambua kitu ni nini. Nyingine hupanda utosini na kukadiria kiko wapi na kinakuja kwa kasi gani. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, huamua kati ya kubana breki na kukwepa. Amri hutoka kwenye ukanda mwembamba unaopita kichwani kama kilemba, huteremka, na karibu na shingo njia nyingi huvuka upande, hivyo ubongo wa kushoto ndio unaobana breki ya mkono wa kulia. Wakati huohuo ubongo mdogo, ukisaidiwa na masikio ya ndani, unaulaza mwili kidogo ili baiskeli isianguke, jambo ambalo mwendeshaji hawezi kulieleza hata akiulizwa. Yote hayo huchukua sekunde moja au pungufu. Ubongo mdogo unastahili heshima kuliko jina lake: kati ya zile nyuroni bilioni 86, takribani bilioni 69 zimo humo.

Kisha mwendeshaji anamtukana dereva, na hapo panaingia lugha. Mwaka 1861, mjini Paris, Paul Broca alimchunguza mtu aliyeweza kutamka silabi moja tu, "tan", ingawa alielewa alichoambiwa. Alipofariki, alikutwa na jeraha upande wa kushoto mbele. Mwaka 1874 Carl Wernicke wa Ujerumani alieleza kinyume chake: wagonjwa wanaosema kwa wepesi maneno yasiyo na maana na wasioelewa wanachoambiwa, jeraha likiwa nyuma zaidi, kandokando. Kwa watu wengi, pamoja na wengi wa wanaotumia mkono wa kushoto, lugha iko upande wa kushoto.

Sehemu ya mbele kabisa, ile ya paji la uso, haina kazi inayoonekana kwa haraka, na kwa muda mrefu ilidhaniwa haina kazi kubwa. Kazi yake ni kupanga, kusubiri na kujizuia. Kijana aliyeanguka na bodaboda bila kofia ngumu anaweza kupona vidonda, akatembea, akasema, akahesabu fedha vizuri, lakini nyumbani wakasema si yule: anakasirika kwa jambo dogo, anaanza kazi hamalizi, hana haya mbele ya wakubwa. Mara nyingi familia hutafuta aliyemroga. Jeraha liko nyuma ya paji la uso.

Chini ya gamba, katikati, mna viungo vidogo vinavyosimamia mambo ambayo Kiswahili huyaweka moyoni au maini. Lugha husema moyo umeshtuka, maneno yamekata maini, na akili ndiyo pekee iliyoachiwa kichwa. Watanzania hata wameigeuza bongo kuwa jina la Dar es Salaam, kisha la nchi nzima, kwa hoja kwamba mjini haishi asiyeitumia. Anatomia haikubaliani na mgawanyo huo. Moyo hudunda kwa hofu kwa sababu amigdala, kiungo chenye umbo la lozi, kimeshatoa taarifa kwa haipothalamasi, ambayo huamuru mapigo, jasho na homoni. Haipothalamasi hiyohiyo hupima joto la mwili, njaa na kiu. Jirani na amigdala iko hipokampasi, mlango wa kumbukumbu mpya. Mmarekani Henry Molaison aliondolewa sehemu za hipokampasi za pande zote mbili mwaka 1953 ili kumtibu kifafa. Mpaka anafariki mwaka 2008 alikumbuka utoto wake, lakini hakuweza kumkumbuka daktari aliyezungumza naye dakika chache kabla.

Humohumo ndani umo mkondo wa tuzo, unaotumia kemikali ya dopamini kuufundisha ubongo kipi kirudiwe: chakula, maji, mapenzi. Heroini huuteka mkondo huo. Katika miji ya pwani, Tanga ikiwamo, unga umekuwa tatizo kwa miongo kadhaa, na lugha ya mitaani imeutaja ugonjwa vizuri kuliko vitabu vingi: teja hatafuti tena raha, anaikimbia arosto. Baada ya miezi kadhaa vipokezi vya ubongo vimeshazoea dawa kutoka nje, na ikikosekana mwili mzima huasi kwa maumivu, kuhara, kutetemeka na kukosa usingizi. Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, hukaa kwenye vipokezi hivyohivyo polepole na kwa muda mrefu, ili mtu aweze kwenda kazini badala ya kuzunguka akitafuta kete. Kuuchukulia uteja kuwa ukosefu wa haya ni kukosea kiungo.

Unga unapoua, huua mahali pengine: kwenye shina la ubongo. Shina hilo, lenye unene wa kidole gumba, ndilo linaloendesha pumzi, mapigo ya moyo, kumeza, kukohoa na kuamka. Mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya gamba na kuendelea kuishi. Akipoteza hata sehemu ndogo ya shina, anaweza kufa. Heroini nyingi hulilaza na pumzi ikasimama. Kuna njia ya pili ya kuliua: kwa kuwa fuvu halitanuki, ubongo ukivimba hauna pa kwenda ila chini, kwenye tundu la kutokea uti wa mgongo, na shina hubanwa hapo kama mtu mlangoni.

Damu huingia ubongoni kwa mishipa minne, miwili mbele ya shingo na miwili ndani ya pingili za nyuma, nayo hukutana chini ya ubongo na kufanya duara. Moja ya matawi yake likizibwa na bonge la damu, au likipasuka, hicho ni kiharusi. Ishara hutegemea mahali: mdomo ukienda upande, mkono na mguu wa kulia vikilegea na maneno yakigoma, jeraha liko kushoto. Utafiti uliofanywa kati ya mwaka 2003 na 2006 katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam ulikuta kwamba, umri ukishasawazishwa, kiharusi kipya kilitokea kwa watu 108.6 kati ya kila 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Takwimu ya Dar es Salaam ilizidi zile za nchi nyingi tajiri. Sababu kubwa ni presha isiyotibiwa, maradhi yasiyouma wala kuonekana mpaka siku hiyo. Mzee anayeacha vidonge kwa kuwa "amepata nafuu" ndiye mgonjwa wa kawaida kabisa wa kiharusi.

Lakini kwa watoto wa mkoa wa Tanga, kilichouingilia ubongo zaidi ni malaria. Mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa na homa tangu jana hukakamaa ghafla usiku. Macho hugeuka, weupe ukabaki. Meno hukaza, mikono na miguu hutikisika, midomo hubadilika rangi. Dakika mbili tatu baadaye hulegea na kulala. Pwani nzima jina la tukio hilo ni degedege, na maelezo ya wazee ni kwamba dege, ndege au nondo wa usiku, amepita juu ya mtoto. Tiba iliyozoeleka ilikuwa kumfukiza kwa moshi wa mavi ya tembo au kumnawisha kwa mkojo, na wazazi wengi waliogopa sindano wakiamini kuwa mtoto mwenye degedege akichomwa hufa. Woga huo haukutoka hewani: waliofikishwa hospitali walikuwa wamechelewa, na wengi walifia mikononi mwa mwenye sindano.

Ugumu ni kwamba jina moja linafunika mambo kadhaa. La kwanza ni mtukutiko wa homa, unaowapata baadhi ya watoto wa miezi sita hadi miaka mitano homa inapopanda. Wengi huamka wazima na hawabaki na kilema. La pili ni malaria ya ubongo. Seli nyekundu zilizoingiwa na kimelea cha Plasmodium falciparum huota vinundu vya kunatia, zikajibandika kwenye kuta za mishipa midogo kabisa ya ubongo, damu ikakwama kama maji kwenye mfereji uliojaa taka. Vimelea haviingii kwenye nyuroni hata kidogo. Hukaa ndani ya mishipa. Mtoto haamki, sukari ya damu hushuka, ubongo huvimba. Nchini Malawi, watafiti wakiongozwa na Terrie Taylor walipiga picha bongo za watoto 168 wenye malaria ya ubongo. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Walifariki 25, na kati yao 21 walikuwa na uvimbe mkubwa. Walikufa kwa kubanwa shina, pumzi ikakatika. Kwa wengi walionusurika uvimbe ulishuka ndani ya siku chache.

La tatu ni homa ya uti wa mgongo, ambayo kwa nje haitofautiki kwa urahisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kutoka hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania ulionyesha kuwa kati ya wagonjwa mahututi waliolazwa na kutibiwa kama wa malaria, waliokutwa na vimelea kwenye damu hawakufika nusu. Waliobaki walihitaji dawa nyingine, na wengi hawakupewa.

Katika kuitibu malaria kali, Tanga ina nafasi yake. Hospitali Teule ya Muheza na hospitali ya Korogwe zilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya nchi tisa za Afrika vilivyolinganisha kwinini na sindano ya artesunate kwa watoto 5,425. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesunate asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza artesunate kwa watoto, na kwinini, iliyotawala kwa vizazi, ikaachia nafasi. Kupona, hata hivyo, si mwisho. Uchunguzi wa Kilifi na wa Kampala umeonyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya wanne waliopita kwenye malaria ya ubongo hubaki na upungufu wa kumbukumbu, umakini au lugha, mara nyingi bila mwalimu kujua chanzo. Baadhi hupata kifafa.

Kifafa, ambacho jina lake huhusishwa na kufa, ni ngurumo ya umeme: kundi la nyuroni hufyatuka pamoja bila mpangilio na kuziambukiza jirani. Mahali pa kuanzia ndipo panapoamua umbo lake. Kikianza kwenye ukanda wa amri, mkono mmoja hutikisika kwanza, na kikianza kandokando mtu anaweza kukodoa macho tu na kutafuna hewa. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa mwaka 1960 baada ya kukuta wagonjwa wengi wametengwa, wengi wakiwa na makovu ya moto, kwa sababu watu waliogopa kumgusa anayetoa povu, wakamwacha aangukie jikoni. Mahenge ni eneo la usubi, maradhi yanayoletwa na minyoo, na uhusiano wa kifafa na minyoo hiyo unazidi kuthibitishwa. Milima ya Usambara nayo ilikuwa na usubi, ingawa si kwa kiwango hicho. Povu la mgonjwa ni mate tu, haliambukizi. Anayeanguka hulazwa ubavu, huondolewa karibu na moto na maji, wala haingizwi kijiko mdomoni.

Yapo maradhi ya akili ambayo ramani hii yote haisaidii sana. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walianzisha mwaka 1896 makazi ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 yakageuzwa kuwa ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa ya kwanza Afrika Mashariki, na hospitali hiyo inaendelea chini ya Kanisa la Kilutheri. Katika miaka ya mwanzo tiba ilikuwa shamba, ratiba na sala. Dawa za kupunguza nguvu za dopamini zilipoingia katika miaka ya 1950 duniani, wagonjwa waliokuwa wakisikia sauti wakaanza kurudi nyumbani. Zilionyesha kuwa kemia ya ubongo inahusika, lakini hazikuonyesha jeraha. Picha ya ubongo wa mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa huo wa kusikia sauti, ikiwekwa pembeni ya ile ya ndugu yake mzima, haimwezeshi daktari kusema ipi ni ya nani. Mpaka leo hakuna kipimo cha damu wala picha inayouthibitisha ugonjwa huo. Daktari hukaa na mgonjwa na jamaa zake, akauliza, na akasikiliza.